Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto Mdogo: Tumfanyie Sherehe Lini?

Desturi ya kumfanyia mtoto sherehe ya siku yake ya kuzaliwa imekwisha ingia vijijini mwetu. Zamani tuliiona kuwa mambo ya watu wa mjini. Leo utaikuta Tinde na Maganzo, utaikuta Kakola, Katoro na Nyarugusu, na hata katika vijiji ambako keki sharti ibebwe juu ya pikipiki mwendo wa saa nzima, ikafika imekwisha geuka sura. Mimi siilaumu. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja au miwili amepita homa nyingi, amepita kuharisha na kuota meno, na wazazi wake wamekesha naye mara zisizohesabika. Kumshukuru Mungu kwa ajili yake pamoja na majirani ni jambo la haki.

Ninalotaka kuzungumza nanyi ni wakati. Katika kazi ya ukarani wa parokia huja wazazi wengi kuuliza tarehe ya mtoto wao katika kitabu cha ubatizo, na wakisha kuipata hudhani wamekwisha pata jibu lote. Tarehe ikianguka Jumatano, basi sherehe ni Jumatano. Baba akiwa zamu ya mchana, basi sherehe ianze atakaporudi, yaani saa 2 usiku. Nanyi mwajua inavyokuwa. Saa 2 wageni hawajatimia. Saa 3 muziki ndio kwanza unaletwa. Saa 4 mwenye sherehe amelala fofofo mgongoni kwa shangazi yake, naye anatikiswa aamke akate keki. Analia. Watu wanacheka, picha inapigwa, mtoto anarudishwa mgongoni, na watu wazima wanaendelea hadi usiku wa manane. Je, hiyo ilikuwa sherehe ya nani?

Mtoto wa mwaka mmoja, miwili au mitatu hajui kama leo ni tarehe 14 au tarehe 17. Ajualo ni kama ameshiba, kama amelala vya kutosha, kama mama yake yu karibu, na kama jua linamchoma. Kwa hiyo twapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: siku na sherehe. Siku haihami. Sherehe yaweza kuhama, tena mara nyingi sharti ihame.

Siku haihami

Wazee wetu wa Usukuma hawakuwa na kalenda ukutani, lakini walitunza habari za kuzaliwa kwa njia ya jina. Mabula ni mtoto wa mvua. Bujiku ni wa usiku. Limi ni jua. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyezaliwa nyuma yao. Aliyesikia jina alijua jambo fulani juu ya siku ile, hata kama miaka hamsini imepita. Lakini jina lilitunza hali, halikutunza tarehe. Ndiyo sababu mzee akiulizwa umri wake hukuambia mwaka wa nzige au mwaka wa njaa, nawe ukabaki unahesabu kwa vidole.

Siku hizi hiyo haitoshi. Kliniki wataka tarehe, maana chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha akiwa na miezi 18, na asiyejua tarehe hawezi kuhesabu miezi. Shule wataka tarehe. Sheria ya nchi yataka mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa. Tangu mwaka 2017 mikoa ya Geita na Shinyanga imo katika mpango wa Serikali wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Hakuna haja tena ya kusafiri hadi wilayani kama zamani. Mwenye mtoto asiye na cheti, aanze na hilo kabla ya kuagiza keki.

Basi siku yenyewe, hata ikiwa katikati ya juma, hata ikiwa mvua inanyesha na jembe linangoja, isipite kimya. Haina gharama. Asubuhi mama amwogeshe, amvike nguo safi, ampikie uji wa maziwa. Baba amwekee ishara ya msalaba katika paji la uso. Kaka na dada zake waimbe wimbo mmoja wanaoujua. Yote hayo ni robo saa, na kila mtu aenda kazini mwake. Mtoto akilelewa hivyo mwaka hadi mwaka, atakapofika darasa la kwanza ataitaja tarehe yake mwenyewe pasipo kumwuliza mtu.

Na aliyezaliwa Februari 29, mwaka 2024? Huyo tarehe yake haitarudi mpaka mwaka 2028. Familia nyingine huchukua Februari 28, nyingine Machi 1. Chagueni moja mwishike, mtoto asije akahamishwa kila mwaka kama ng'ombe wa malisho.

Wako pia wazazi ambao tarehe imewapotea kabisa: kadi iliungua na nyumba, au mtoto alilelewa na bibi ambaye sasa ni marehemu. Msisikitike kupita kiasi. Injili hazitaji siku aliyozaliwa Bwana wetu, na Kanisa liliweka Desemba 25 ili tuwe na siku ya kufurahi pamoja. Kanisa hilohilo katika kalenda yake laadhimisha kuzaliwa kwa watatu tu, yaani Bwana wetu, Mama yake Septemba 8, na Yohane Mbatizaji Juni 24. Watakatifu wengine wote hukumbukwa kwa siku nyingine. Basi familia yaweza kuchagua siku, kwa mfano siku ya ubatizo wa mtoto. Lakini nasema hivyo kwa ajili ya sherehe tu. Katika karatasi ya Serikali usibuni tarehe. Nenda na mashahidi, ueleze ukweli.

Majira ya mwaka

Sasa tuje kwenye sherehe. Kwanza tutazame mwaka wetu ulivyo. Katika nchi yetu mvua huanza karibu Oktoba au Novemba, hupungua kidogo Januari na Februari, kisha hurudi Machi hadi Mei. Mahindi, mpunga na pamba hufuata mvua hizo. Kuanzia Mei na Juni twavuna, na kwa kawaida ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei. Hapo ndipo nyumba ya mkulima ina chakula ghalani na fedha mkononi, njia zimekauka, na jirani ana nafasi ya kuketi.

Jambo hili si geni. Ngoma kubwa za Wasukuma, zile za Bagika na Bagalu, huchezwa baada ya mavuno, wala hakuna aliyewaza kuzipeleka Februari. Nanyi mwaijua sikukuu ya Bulabo kule Bujora karibu na Mwanza, ambayo Padre David Clement, mmisionari, aliifungamanisha na Sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Bulabo maana yake maua. Sikukuu hiyo ya Kanisa huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, yaani palepale ambapo Msukuma amekwisha weka jembe chini. Tazameni jinsi ibada na majira vilivyokutana pasipo kugombana. Sherehe ya mtoto nayo yaweza kufanya vivyo hivyo.

Mtoto aliyezaliwa Juni, Julai au Agosti ana bahati. Siku yake na sherehe yake vyaweza kwenda pamoja. Shida ni ya yule wa Februari na Machi. Huyo ana mambo matatu juu yake. La kwanza, ghala limekwisha kuwa jepesi. Mwenye debe mbili zilizobaki akipika pilau ya watu arobaini, Aprili atakopa mahindi ya kulipa mara mbili wakati wa mavuno, na atakayekunywa uji mwepesi wakati huo ni yule yule mtoto aliyeimbiwa. La pili, ni wakati wa palizi na watu hawana nafasi. La tatu, ni Kwaresima. Pasaka yaweza kuanguka kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo mtoto wa Machi karibu kila mwaka atakuta Kwaresima imo njiani. Mtoto mdogo hafungwi na sheria ya kufunga wala ya kuacha nyama. Sheria ya kuacha nyama huanza akitimiza miaka 14. Lakini wageni wake wafungwa, na si heshima kumwalika Mkristo kwenye kuku wa kuchoma siku ya Ijumaa ya Kwaresima halafu umwone anahangaika na sahani. Kwa mtoto wa namna hii, uji na baraka viwe siku yenyewe, na sherehe iwe baada ya Pasaka, au bora zaidi Juni.

Wengine watasema, je, si uongo kumwimbia mtoto mwezi Juni hali alizaliwa Machi? Si uongo, mradi tusemapo tuseme kweli: "Tunashukuru kwa ajili ya mtoto aliyetimiza miaka miwili mwezi Machi." Mgeni ataelewa, na kwa kweli mgeni ataelewa upesi zaidi akiwa na sahani iliyojaa.

Kuna faida nyingine ya Juni. Shule hufungwa kwa likizo, kwa hiyo kaka na dada wa mtoto wako nyumbani, nao ndio walezi wa kweli wa wageni wadogo. Ila angalieni baridi. Juni na Julai kwetu asubuhi ni baridi na upepo wa vumbi ni mwingi. Msimtoe mtoto kabla ya saa 4.

Fedha ya duara

Nimesema habari za mkulima. Lakini wengi wetu twaishi kwa kalenda nyingine. Tangu almasi ilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940, wako watu wa Shinyanga ambao mwezi wao huisha kwa mshahara wala hauishi kwa mavuno. Kisha zikaja kampuni za dhahabu: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Na Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021, watu wa Kahama waliona wazi kwamba mshahara nao una kiangazi chake.

Mwenye mshahara wa zamu, shauri langu ni fupi. Usiifanye sherehe siku uliyotoka zamu ya usiku. Utakuwa umekaa kitini macho mekundu, na kila mtoto akipiga kelele utakasirika. Ngoja siku yako ya mapumziko, hata kama ni juma zima baada ya tarehe.

Lakini mchimbaji mdogo hana mwisho wa mwezi. Yeye hungoja duara. Anaweza kukaa miezi mitatu anakula kwa mkopo, kisha mawe yakapita karashani, dhahabu ikapatikana, na fedha ikaingia mkononi saa 12 jioni. Usiku huohuo ndugu wanatokea, na mtu mmoja anakumbuka: "Kumbe mtoto wako alitimiza mwaka juzi!" Hapo mbuzi anachinjwa, kreti za bia zinaletwa, na spika kubwa zinawekwa mlangoni. Asubuhi fedha ya bati, fedha ya bima ya afya na deni la duka vyote vimekwenda. Nasema wazi: hiyo ni sherehe ya fedha. Mtoto ametajwa tu ili kuipa jina. Mwasomaji wa Injili mwaikumbuka karamu ya siku ya kuzaliwa ya Herode, wakubwa wakinywa na binti akicheza, na jinsi ilivyomgharimu Yohane Mbatizaji kichwa chake.

Baba wa namna hii afanye hivi. Siku fedha inapoingia, ampe mama sehemu ya sherehe ya mtoto, kiasi walichopatana mapema, naye aiweke. Kisha zipite siku saba angaa. Katika siku saba hizo madeni yatajulikana, wageni wa bia watakuwa wamekwenda kwenye duara la mtu mwingine, na sherehe itakayofanywa itakuwa ya mtoto.

Tena, mahali pana uhusiano na wakati. Wakati wa mvua mashimo yaliyoachwa hujaa maji, na kingo zake huteleza. Mtoto wa miaka miwili ni mwepesi kama panya. Wageni wakiwa wengi kila mtu hudhani mwenzake anamtazama. Katika kambi za wachimbaji, mvua zikiwa nyingi, afadhali mngoje kiangazi au mfanyie sherehe kwa bibi kijijini. Na uwanja ambapo watu huosha mawe kwa zebaki au huchoma dhahabu si uwanja wa watoto kwa majira yoyote. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima.

Siku gani ya juma

Jumapili yafaa kwa wengi wetu. Jumamosi ina shida mbili. Jirani zetu Wasabato, nao ni wengi katika nchi hii, hawatatoka kusherehekea kabla jua halijazama, na jua likizama mtoto yuataka kulala. Hali kadhalika wakati wa kilimo watu wengi huenda shambani asubuhi ya Jumamosi. Siku ya mnada nayo msiishindane, maana hamtaiweza.

Mkiwa na jirani Waislamu, ulizeni Ramadhani ni lini. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda yetu, kwa hiyo uliyoyakumbuka ya miaka mitano iliyopita hayakusaidii. Mtoto wao atakula, lakini mama yake atakuwa ameketi na kiu akitazama soda za wengine. Na pakiwa na msiba kijijini, hata wa mtu msiyemjua sana, sherehe iahirishwe. Hilo halihitaji maelezo.

Saa gani

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ahitaji kulala saa 11 hadi 14 katika siku nzima, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Na wa miaka mitatu au minne saa 10 hadi 13. Hesabu hiyo mama hahitaji kuambiwa, anaijua mgongoni mwake. Kwa kawaida mtoto aliyepita mwaka na nusu hulala mara moja mchana, baada ya chakula, karibu saa 7 hadi saa 9. Aliye karibu na mwaka mmoja aweza kulala mara mbili, asubuhi kidogo na mchana tena. Basi kabla ya kupanga saa, mama atazame mtoto wake siku tatu nne: aamka saa ngapi, alala saa ngapi, akiwa mchangamfu zaidi ni wakati gani. Karani hawezi kukupangia, padre hawezi, wala jirani mwenye watoto saba.

Kwa wengi zitaonekana nafasi mbili. Ya kwanza ni saa 4 hadi saa 6 mchana: mtoto amekunywa uji, jua halijawa kali, naye bado ni mpya. Nafasi hii ni nzuri sana siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa, kama Sabasaba Julai 7 au Nanenane Agosti 8, ambazo zimeanguka katika majira mema. Siku ya Jumapili haifai, kwa kuwa saa hizo tuko kanisani, na wa vigango vya mbali wako njiani wakirudi. Mtoto aliyekaa ibadani na kubebwa mwendo wa saa moja juani hana nguvu ya sherehe. Ampeni chakula, mwacheni alale.

Ya pili ni saa 9 na nusu hadi saa 11 na nusu. Mtoto amelala, ameamka, amenyonya au amekula kidogo. Kivuli cha mwembe kimekuwa kirefu. Hii ndiyo ninayoipenda kwa Jumapili. Mtoto anayeamka akiwa mkali, aachwe nusu saa ndani na mama yake kabla ya kuonyeshwa watu. Nimeona watoto wanaotolewa kitandani na kuwekwa katikati ya sura thelathini zinazoimba kwa sauti kubwa. Hata mtu mzima angelia.

Mwisho wa saa 11 na nusu nauwekea mkazo. Kwetu jua huzama karibu na saa 1. Wageni wenye watoto wahitaji kufika nyumbani kabla ya giza, wakiwa na miguu au baiskeli. Na giza ndilo saa ya mbu wa malaria, aumaye kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliiweka Shinyanga miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kwa watoto wadogo, na Geita nayo haikuwa mbali. Sherehe ya usiku ni kuwakusanya watoto ishirini wa kijiji, kuwaketisha nje wakati wa mbu, halafu kuwarudisha chini ya chandarua wamekwisha umwa.

Saa ya kupika nayo ifuate saa ya kula. Mara nyingi akina mama hupika alfajiri ili wawe huru, wali na nyama vikakaa sufuriani mpaka saa 10. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa motoni, hasa katika joto letu la Oktoba. Watu wazima huumwa tumbo, wakapona. Mtoto wa mwaka mmoja huharisha mpaka macho yakaingia ndani. Kama wapishi ni wachache, punguzeni chakula. Maandazi yaliyopikwa siku ileile, ndizi mbivu, papai na maziwa yaliyochemshwa vyawatosha watoto, navyo havihitaji sufuria kubwa. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu msiwape walio chini ya miaka minne; huingia kooni kwa njia mbaya, na hasa wakati mtoto anacheka na kukimbia.

Keki ikatwe mapema. Desturi ya kuiweka mezani mpaka mgeni mkubwa afike imewaliza watoto wengi. Ikatwe robo saa baada ya wageni wadogo kufika, wakati mwenye sherehe bado anacheka. Mgeni mkubwa atakuta kipande chake katika sahani.

Tena kuna mchezo huu wa kummwagia maji mwenye siku yake. Vijana wafanyiane wao kwa wao. Mtoto mdogo haelewi kwa nini watu awapendao wanammwagia maji ya baridi, na upepo wa jioni wa Julai si wa kuchezewa. Wajomba watakaosisitiza wamwagiwe wao.

Saa moja na nusu yatosha kwa wa mwaka mmoja. Saa mbili kwa wa miaka miwili na mitatu. Wageni watoto wasizidi sana. Mtoto wa mwaka mmoja atamjua bibi, babu, wasimamizi wake wa ubatizo, na watoto wa nyumba mbili tatu za jirani. Hamsini waliobaki hawajui, nao hawakuja kwa ajili yake.

Mtoto akiamka siku hiyo ana homa, sherehe imeahirishwa. Msiseme "wageni wamekwisha alikwa". Mwende zahanati akapimwe malaria, na mtu mmoja apite nyumba kwa nyumba au atume ujumbe kwa simu. Hali kadhalika akichanjwa Ijumaa, msipange sherehe Jumamosi. Wengine hupata homa baada ya sindano. Mwezi Juni na Desemba watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano hupewa matone ya vitamini A katika vituo vya afya, basi unapopanga sherehe ya Juni ulizia siku ya matone, mambo yote mawili yasigongane, wala moja lisisahauliwe kwa ajili ya jingine.

Na mnaokuja ofisini kutafuta tarehe, nawaomba mje mmejiandaa, maana vitabu ni vingi na majina hufanana. Kitabu cha ubatizo huandika jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya kuzaliwa, na siku ya ubatizo. Kwa hiyo njoo na jina la ubatizo pamoja na la ukoo, jina la kigango, na mwaka. Ukikumbuka jina la msimamizi, kazi itakuwa nyepesi zaidi. Kama alibatizwa parokia nyingine, kitabu kiko kule, hakihamishwi. Njoo mapema, mwezi mmoja kabla ya sherehe, ukiwa na kadi ya kliniki ili tulinganishe. Na tarehe mbili zikitofautiana, tutaanza kutafuta iliyo kweli.